Kiingereza Kinachofunzwa kwa Kiswahili: Historia Fupi ya Istilahi za Sarufi na Fasihi Nje ya Darasa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya istilahi ambazo kwazo mwanafunzi wa Dar es Salaam husaidiwa masomo yake ya sarufi na fasihi ya Kiingereza baada ya saa za shule. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: jarida la istilahi za Kiswahili lina haja gani na mazoezi ya Kiingereza? Jibu letu ni fupi. Mazoezi hayo hufanywa kwa Kiswahili.

Apitaye jioni katika mitaa ya Mbagala, Tandika na Keko upande wa Temeke, au Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, huona vibao vimepigiliwa kwenye nguzo za umeme na kwenye miembe vikitangaza masomo ya ziada. Chini ya paa la bati pana mabenchi machache, ubao mweusi na kijana aliyemaliza kidato cha sita. Sentensi iliyoandikwa ubaoni ni ya Kiingereza, lakini maelezo yote yatokayo kinywani mwa kijana huyo ni ya Kiswahili. Ndivyo ilivyo nyumbani pia, pale dada mkubwa, baba au mpangaji wa chumba cha pili anapoombwa amsaidie mtoto. Wote hao hutumia maneno kama kitenzi, kiima, kauli, dhamira na kejeli ili kufafanua lugha ambayo maneno hayo hayakuundwa kwa ajili yake.

Tunalotaka kulionyesha ni kwamba istilahi hizi, ambazo wengi wetu tumezichukulia kuwa mali ya somo la Kiswahili peke yake, zimekuwa pia daraja la kuvukia kwenda kwenye Kiingereza. Daraja likiwa na mbao zisizolingana, anayeanguka ni mtoto.

2. Kabla ya kuwapo istilahi

Yafaa ikumbukwe kwamba hadithi za fasihi ya Kiingereza zilimfikia msomaji wa Kiswahili kabla ya sarufi. Mwaka 1867 Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha Zanzibar hadithi chache za michezo ya Shakespeare, akizitoa katika masimulizi yaliyoandikwa kwa ajili ya watoto na Charles na Mary Lamb. Miaka mitatu baadaye, yaani 1870, ndipo kilipotoka kitabu chake cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Zanzibar.

Mwongozo huo uliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wageni waliotaka kujifunza Kiswahili. Hali ilikuwa hiyo hiyo baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, na hata kitabu mashuhuri cha sarufi cha E. O. Ashton kilipotoka mwaka 1944. Lugha iliyochambuliwa ilikuwa Kiswahili, lakini maneno ya kuichambulia yalikuwa ya Kiingereza. Hapakuwa na haja ya kumpa Mswahili majina ya viungo vya sentensi yake, maadam hakuwa yeye aliyeandikiwa.

Mwalimu Mwafrika wa wakati huo, aliyekuwa na wanafunzi waliojua Kiswahili na kutakiwa kujua Kiingereza, alilazimika kujitafutia. Aliita nomino jina, akaita kitenzi kitendo, na kivumishi akakiita sifa. Maneno haya yalikuwa mepesi, na wazee wengi waliosoma zamani wanayatumia hadi leo. Kasoro yake ni kuwa yalichanganya neno na kile kinachotajwa na neno. Mtoto aliyeambiwa kuwa kila kitendo kina wakati alishindwa kuelewa ni kitendo gani kilichomo katika neno la Kiingereza “is”, kwa kuwa hapo hakuna anayefanya lolote.

3. Kazi ya baada ya 1967

Mwaka 1967 ni mwaka mkubwa katika historia hii. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi Machi ikatolewa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na katika mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuanzishwa katika Chuo Kikuu mwaka 1964, na mwaka 1970 pakafunguliwa Idara ya Kiswahili. Mwaka 1974 Baraza lilianza kutoa mfululizo wa vijitabu vya Tafsiri Sanifu.

Sasa istilahi zilihitajika kwa haraka, maana mwalimu alitakiwa kumfundisha Mswahili Kiswahili kwa Kiswahili. Hapo ndipo maneno nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi, kiwakilishi, kihusishi na kiunganishi yalipopata mizizi katika vitabu vya shule na vyuo. Vitabu vya sarufi vya F. Nkwera, 1978, na M. C. Kapinga, 1983, ni baadhi ya vile vilivyoyapeleka maneno haya mbele ya walimu. Na Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha iliyotolewa mwaka 1990 ikayapanga kitaalamu.

Matumaini ya wakati ule yalikuwa kwamba Kiswahili kingepanda ngazi hadi sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kuanzia Januari 1985 Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao. Na juhudi zilizofuata zikawa za kukiimarisha Kiingereza, si za kukibadili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini toleo lake la mwaka 2023 limekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari.

Matokeo yake kwa istilahi zetu ni ya ajabu kidogo. Zilitayarishwa kwa ajili ya nyumba kubwa, zikapewa chumba kimoja tu, yaani kipindi cha Kiswahili. Katika kipindi cha Kiingereza hazikualikwa rasmi. Zikaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia vibanda vya jioni na mikeka ya nyumbani. Na kadiri shule za sekondari za kata zilivyoongezeka kuanzia mpango wa mwaka 2004, na ada kuondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, watoto waliofika kidato cha kwanza kutoka shule zilizofundisha kwa Kiswahili waliongezeka sana, na waombao msaada wa jioni wakaongezeka nao.

4. Istilahi zinapofanya kazi

Tuanze na mahali ambapo istilahi hizi zinasaidia kweli. Mwanafunzi huandika “This book is my” akidhani amesema sawa, kwa sababu Kiswahili hutumia neno moja tu: kitabu changu, hiki ni changu. Kumwambia kwamba sentensi yake ni mbovu hakumpi chochote. Lakini mwanafunzi huyu amekwisha kufundishwa katika somo la Kiswahili kwamba “changu” likiandamana na nomino ni kivumishi, na likisimama peke yake mahali pa nomino ni kiwakilishi. Msaidizi akimkumbusha hilo, kazi imekwisha: Kiingereza hutumia “my” kwa kivumishi na “mine” kwa kiwakilishi. Jambo ambalo Kiswahili hulitofautisha kwa nafasi, Kiingereza hulitofautisha kwa umbo. Kwa njia hiyo hiyo hueleweka “your” na “yours”, “their” na “theirs”. Sarufi ya Kiswahili, ambayo mtoto aliidhani ni mzigo wa mtihani tu, imegeuka ufunguo.

Mfano wa pili ni wa njeo. Shuleni tumezoea kusema wakati uliopo, wakati uliopita na wakati ujao. Wataalamu wa isimu walipendekeza neno njeo ili kutofautisha umbo la kitenzi na wakati wenyewe wa saa na siku. Wengi waliliona neno hilo kuwa la kujionyesha, na nje ya vyuo halikuenea. Hata hivyo mwanafunzi anapokutana na sentensi ya Kiingereza isemayo “If I knew the answer, I would tell you”, huuliza swali la haki: kama kitenzi kiko katika wakati uliopita, mbona jambo lenyewe ni la sasa? Asiye na neno njeo hana jibu ila kusema kwamba Kiingereza ni kigumu. Mwenye neno hilo atasema: njeo ni iliyopita, wakati ni wa sasa, Kiingereza hulitumia umbo hilo kuonyesha jambo lisilo la kweli, kama sisi tunavyotumia “-nge-”. Hapa neno lililodhaniwa kuwa la anasa limeonekana kuwa la lazima.

Sasa tutazame mahali ambapo istilahi zinakwaza. Katika somo la Kiswahili tuna kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, kwa maana ya maumbo ya kitenzi. Tuna pia kauli halisi na kauli ya taarifa, kwa maana ya namna ya kunukuu maneno ya mtu. Mitihani ya Kiingereza nayo hupenda mambo haya mawili: kugeuza sentensi iwe ya kutendwa, na kugeuza maneno ya mtu yawe ya taarifa. Mtoto aambiwaye “badili kauli” ana haki ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Wapo wanaosema usemi halisi na usemi wa taarifa. Istilahi hiyo ipo na inaeleweka. Lau tungekubaliana kuitumia hiyo peke yake, neno kauli lingebaki na kazi moja.

Kadhalika kuna mzozo wa zamani baina ya yambwa na shamirisho. Vitabu vingine huita yambwa kile kitendwacho au kitendewacho, na vingine hukiita shamirisho, kwa aina zake za kipozi na kitondo. Kila upande una hoja zake za kitaalamu nasi hatukusudii kuziamua hapa. Lakini fikirini mtoto aliyefundishwa shamirisho darasani, akaenda kibandani kwa kijana aliyesoma yambwa, kisha akarudi nyumbani kwa baba asemaye “kitendwa”. Kabla hajaelewa kwa nini Mwingereza husema “him” badala ya “he”, inampasa kwanza aelewe kwamba watu watatu wanaompenda wanataja kitu kimoja kwa majina matatu. Wengi huchoka hapo, wakaamua kukariri majibu yaliyomo katika karatasi za kunakili, zile wanazoziita madesa.

Tena kuna mahali ambapo hatuna neno kabisa lililoota mizizi. Vineno “a” na “the” havina kifani katika Kiswahili, na kila kibanda huviita kinavyoweza. Pia Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika “yeye”, wala katika kiambishi “a-”. Ndiyo sababu insha nyingi za kidato cha kwanza humtaja mama kwa “he”. Mtoto huyo anajua vizuri kwamba mama ni mwanamke. Asichokijua ni kwamba viwakilishi vya Kiingereza hubeba jambo ambalo vyetu havilibebi, na hilo hulijua tu akiwa na neno kiwakilishi la kulisemea.

5. Upande wa fasihi

Kwa fasihi historia ni ndefu zaidi, na maneno mengi yana asili ya Kiarabu: fasihi yenyewe, riwaya, tamthiliya, dhamira, maudhui, sitiari, tashibiha. Katika miaka ya 1970 uhakiki wa fasihi nchini ulishikamana na jozi ya fani na maudhui, na jozi hiyo ndiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu huingia nayo katika vitabu vya Kiingereza kama The Black Hermit cha Ngũgĩ wa Thiong’o, Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, au tamthiliya ya Guillaume Oyono-Mbia, Three Suitors: One Husband, ambavyo vimesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu.

Jozi hiyo husaidia, ila maneno yaliyomo ndani yake hayana maana moja pande zote. Kwetu Tanzania dhamira ni jambo kuu linalozungumzwa na kazi ya fasihi, nayo ni sehemu ya maudhui. Katika vitabu vya miongozo vya Kenya, maudhui ndiyo mambo hayo makuu, na dhamira ni kusudio la mwandishi. Miongozo ya nchi zote mbili huuzwa katika meza zile zile za vitabu jijini. Mwanafunzi aliyeulizwa kwa Kiingereza juu ya mambo makuu ya tamthiliya hujibu juu ya nia ya mwandishi, na hukosa alama ilhali kitabu amekisoma.

Neno kejeli linastahili kutazamwa kwa makini. Katika mazungumzo ya kila siku kejeli ni maneno ya dhihaka. Katika uhakiki wetu limetumiwa pia kwa ile hali ambapo matokeo yanakuwa kinyume cha yaliyotazamiwa. Katika tamthiliya ya Oyono-Mbia, Juliette huiba fedha ambazo wachumba wawili wa kwanza wameilipa familia yake, kisha fedha hizo hizo hulipwa tena kwa familia kama mahari ya kijana ampendaye. Hapa hakuna aliyetukanwa. Mwanafunzi aliyeambiwa atafute kejeli atapekua kurasa akitafuta maneno makali, na jambo lenyewe litampita. Wakenya hutumia neno kinaya kwa hali hiyo. Si haya kuazima kwa jirani. Nasi tungefanya vyema kuliazima.

Historia ya neno bepari nayo inafunza. Miongoni mwa hadithi alizozichapisha Steere ilikuwamo ile ya mfanyabiashara wa Venice, aliyoipa jina la Kuwia na Kuwiwa, yaani kudai na kudaiwa. Karne moja baadaye, mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya hiyo kwa jina la Mabepari wa Venisi. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilikuwa imetoka mwaka 1963. Mtafsiri huyu alikuwa amepata kuwa mwalimu wa shule huko Pugu, viungani mwa Dar es Salaam, katika miaka ya mwanzo ya 1950. Neno bepari lina asili ya Kihindi, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha, hata hivyo, halikusikika tena hivyo. Lilikuwa limekwisha kuwa jina la mnyonyaji. Kwa hiyo jina la tafsiri lilikuwa sahihi kwa asili ya neno, na wakati huo huo lilibeba hukumu ya siasa ya wakati wake. Mwanafunzi anayesaidiwa kwa tafsiri hiyo humchukia Antonio kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Msaidizi mwema hamnyang’anyi kitabu. Humweleza maana zote mbili, na kwa kufanya hivyo humfundisha fasihi kwelikweli.

6. Jina la kazi yenyewe

Hatuwezi kumaliza bila kutaja kwamba hata kazi hii ya jioni haina jina lililotulia. Wengi husema tuisheni, na wengine huandika twisheni. Ofisini husemwa masomo ya ziada. Tuisheni limekwisha kukubalika vinywani na hatuoni sababu ya kulipiga vita.

Tatizo kubwa liko katika “kazi ya nyumbani”. Kwa maneno hayo mwalimu hukusudia zoezi atakalolifanya mwanafunzi baada ya kutoka shule. Lakini kwa mtoto, na hasa mtoto wa kike, kazi ya nyumbani ni kuteka maji, kuosha vyombo, kufagia ua na kubeba mdogo wake. Asubuhi akiulizwa kama amefanya kazi ya nyumbani, anaweza kujibu ndiyo bila kusema uongo. Na mzazi aambiwaye kwamba binti yake ana kazi nyingi za nyumbani huenda asione kuwa ni jambo la kumpunguzia nyingine. Neno “zoezi la nyumbani” lipo na linaeleweka mara moja. Kulitumia kwa uthabiti katika daftari za shule na barua kwa wazazi hakugharimu hata senti, na pengine kutampatia binti mmoja saa moja ya taa.

7. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vitabu vya sarufi vya Kiswahili na vya Kiingereza vya kidato cha kwanza viwe na orodha moja fupi ya istilahi, kila moja ikiwa na mfano wa Kiswahili na wa Kiingereza ubavuni mwake. Pili, palipo na istilahi mbili kwa jambo moja, kama yambwa na shamirisho, shule zipewe moja, na vyuo viachiwe mjadala. Na palipo na istilahi moja kwa mambo mawili, kama kauli na kejeli, mzigo ugawanywe. Tatu, wale wanaosaidia watoto jioni wahesabiwe kuwa watumiaji wa istilahi, na orodha hiyo iwafikie wao pia, wala isiishie katika maktaba za vyuo.

Yako maoni kwamba kutumia Kiswahili kufafanua Kiingereza ni kumdumaza mwanafunzi. Sisi tunaona kinyume. Mtoto wa Tandika anapofikiri juu ya Kiingereza, hufikiri kwa Kiswahili, tupende tusipende. Lililo katika uwezo wetu ni kuhakikisha kwamba maneno anayofikiria kwayo ni yale yale darasani, kibandani na nyumbani. Baraza, taasisi na vyuo vimefanya kazi kubwa ya kuyaunda tangu 1967, na iliyobaki ni kuyafikisha mahali yanapotumika.